Wimbo Unaokuachia Sikio

Likizo ya mwezi wa saba nilikuwa nyumbani Wasso. Kwa wasiopajua, Wasso ni mji mdogo wilayani Ngorongoro, jirani na Loliondo, upande ule ambao mwaka 2011 nchi nzima iliujua kwa sababu ya kikombe cha Babu kule Samunge. Tuko takribani mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa saba asubuhi ni baridi, upepo mkavu, na vumbi limelala barabarani linasubiri gari la kwanza liamke nalo.

Tulitoka saa kumi na mbili na nusu, mimi mbele, mdogo wangu nyuma. Yeye yuko kidato cha tatu, anataka kuingia timu ya shule ya UMISSETA, na wiki nzima alikuwa amenisumbua nimpeleke mbio. Ana pumu. Siyo ya kulazwa kila mwezi, lakini anayo, na dawa yake ya kupuliza tuliiacha mezani kwa sababu "tunaenda kidogo tu".

Mimi nilikuwa nimevaa hedifoni, masikio yote mawili, sauti mpaka mwisho. Nilikuwa naskiliza singeli. Nani anaweza kutembea singeli ikilia? Miguu ilikwenda yenyewe. Nikakata kona, nikapanda kale kamlima, nikajiona mimi ndiye Simbu. Wimbo mmoja ukaisha, na katika ile sekunde ya ukimya kabla ya mwingine kuingia nikasikia mluzi, mkali, wa mtu anayeita ng'ombe. Nikageuka. Nyuma yangu barabara ilikuwa tupu. Kule chini kabisa alikuwapo mzee mmoja na ng'ombe wake, fimbo iko hewani, ananipungia. Mdogo wangu alikuwa amekaa chini, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka.

Nilipowafikia, mzee alikuwa amemshika mgongo. Akaniambia, "Ero, huyu amekuita mpaka sauti imekwisha. Umeziba masikio unaenda wapi?"

Sikuwa na jibu.

Alipona. Bodaboda ilitufikisha hospitali, akapewa dawa ya kuvuta, na saa nne tulikuwa nyumbani tunakunywa chai huku mama hasemi neno. Wanaomjua mama yangu wanajua kwamba kimya chake ni kibaya kuliko kelele zake.

Ningeiacha habari hii ya kifamilia ikae nyumbani. Lakini tumerudi chuoni, Wizara ya Michezo ya serikali yetu ya wanafunzi imetangaza kwamba jogingi ya Jumamosi inarudi, na swali la kwanza kwenye grupu halikuwa njia, wala saa, wala maji. Lilikuwa: "Nani ana spika kubwa?" La pili: "Tupige nini?" Likafuatiwa na ujumbe zaidi ya mia wa watu wanagombania nyimbo. Nikasema hapa nina la kuchangia, kwa sababu nimechagua muziki wa kukimbilia vibaya kuliko wengi wenu, na najua gharama yake.

Kwanza niseme wazi: mimi si adui wa muziki. Anayesema muziki hausaidii kukimbia hajawahi kukimbia siku ambayo hakutaka. Yupo mtaalamu mmoja wa saikolojia ya michezo, Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, ambaye amelifanyia kazi jambo hili kwa miongo kadhaa. Analoonyesha ni kwamba ukiwa kwenye mwendo mwepesi au wa kati, muziki unaofaa hupunguza ile hisia ya kuchoka. Kazi ni ileile, ila kichwa kinaiona ndogo. Na ukipata wimbo ambao mapigo yake yanalingana na hatua zako, unakimbia kwa utulivu zaidi, huyumbishi mwendo.

Mfano wake mkubwa tunao hapa jirani. Februari 1998, mjini Birmingham, Haile Gebrselassie wa Ethiopia alivunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 za ndani ya ukumbi huku spika zinapiga wimbo wa Scatman, wimbo wa dansi wa miaka ile. Haukuwa wimbo wa bahati. Mapigo yake yalikuwa yanaingia kwenye hatua zake. Kwa hiyo washkaji wa spika, mna hoja, nawapa haki yenu.

Tatizo ni namna tunavyochagua. Wengi wetu tunachagua wimbo wa kukimbilia kama tunavyochagua wimbo wa sherehe: unaopandisha mzuka ndio mzuri. Mguu hauhitaji mzuka tu, unahitaji hesabu. Fanya hivi kesho. Kimbia mwendo wako wa kawaida, hesabu mguu wa kulia unagusa chini mara ngapi kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa 4. Mimi nilipata 42, yaani hatua 168 kwa dakika. Wakimbiaji wengi wa kawaida wako kati ya 150 na 180. Halafu chukua wimbo wako, gonga kidole mezani kufuata mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Sasa linganisha.

Utashangaa. Amapiano, ambayo ndiyo imeshika hosteli zetu, iko kwenye mapigo kama 112 kwa dakika. Ukipiga hatua moja kwa kila pigo utakuwa unatembea. Ukipiga mbili utahitaji hatua 224, labda uwe unakimbizwa. Inafaa kwa kupasha misuli na kurudi hosteli, siyo kwa mbio zenyewe. Singeli ndiyo kabisa. Ule muziki wa uswahilini Dar, wa kina Msaga Sumu na Dulla Makabila, unavuka mapigo 200 kwa dakika, na nyingine zinakaribia 300. Mguu hauufikii, basi unachofanya ni kuukimbiza. Dakika kumi za kwanza unajiona mfalme, kumi za pili unatafuta mti wa kuegemea. Ndicho kilichonipata kwenye kile kilima. Sikuwa na kasi, nilikuwa na pupa.

Nyimbo zinazokaa vizuri ni zile wengi wanaziona za taratibu mno: hip hop, rege, bongo fleva ya mwendo wa wastani, zile za mapigo 80 mpaka 90. Hatua mbili kwa kila pigo unapata 160 mpaka 180, na mwili unatulia. Mimi nimerudi kwa X Plastaz wa Arusha, wale waliochanganya hip hop na uimbaji wa Kimaasai, albamu yao ya Maasai Hip Hop ya mwaka 2004. Ni ya kizamani, wenzangu wa chumbani wananicheka. Lakini miguu yangu inaielewa.

Hayo ndiyo ya mapigo, na yangetosha kama kukimbia kungekuwa kazi ya miguu peke yake. Ningeweza siku ile kuwa na wimbo wa mapigo 84 kamili, hesabu imenyooka, na bado nisingemsikia mdogo wangu. Kwa hiyo lipo swali la pili, ambalo nadhani ndilo linapaswa kuwa la kwanza: huu muziki unaniachia sikio la kusikia nini?

Kuna mazoezi ambayo jibu lake ni "zima kabisa". Siku za kukimbia kwa kasi, zile mita 400 unazirudia mpaka kichefuchefu, muziki haukusaidii sana. Karageorghis huyohuyo anasema ukifika kwenye kiwango cha juu cha kazi, mwili unapiga kelele kuliko wimbo. Na kelele hizo ndizo unazotakiwa kuzisikiliza: pumzi, mguu unavyotua, kifua. Ukizifunika, unafunika mwalimu wako.

Tuangalie na wa kwetu. Filbert Bayi ni mtoto wa Karatu, ukishuka kutoka Ngorongoro unampitia. Tarehe 2 Februari 1974, kule Christchurch, New Zealand, aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo mpaka mwisho, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Ukiwa mbele hivyo huoni mtu. Unachojua kuhusu wenzako kinaingia kwa masikio. Miaka 51 baadaye, Septemba 2025 jijini Tokyo, Alphonce Simbu alishinda maratoni ya dunia na kuipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda uleule, saa 2:09:48, na picha ndiyo ikaamua, kwa tofauti ya sehemu 3 za mia ya sekunde. Mbio za namna hiyo unazikimbia ukiwa unajua aliye pembeni yako yuko wapi na anapumuaje. Kanuni za riadha za kimataifa zenyewe haziruhusu mshindani kuwa na redio au kifaa cha muziki uwanjani. Wengine wanaona ni kuogopa udanganyifu. Mimi naona pia wanatuambia mashindano ni kati ya watu wanaosikiana.

Sasa mtu ataniuliza, wewe unakataa singeli, unatoa hedifoni, unakataa spika, unataka tukimbie kimya kama tunakwenda mazikoni? Hapana. Nataka turudi kwenye muziki ambao sote humu tuliufundishwa kabla ya kujua kuandika jina, tukausahau siku tuliyonunua simu janja. Mchakamchaka.

Najua, umeguna. Kwa wengi wetu mchakamchaka ni shule ya msingi, alfajiri, peku au na raba zilizotoboka, umande, na mwalimu wa zamu ana fimbo. Kwa waliopita JKT ni chenja, saa kumi alfajiri, afande anaita na kombania nzima inaitika. JKT ilianzishwa Julai 1963, na tangu 2013 vijana wa kidato cha sita wakaanza tena kupelekwa kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo humu chuoni wapo wengi wanaonielewa. Tulizichukia zile alfajiri. Lakini niambie ukweli: umesahau wimbo hata mmoja? Mimi masomo ya kidato cha tano nimesahau karibu yote, ila chenja ninazo.

Acha fimbo pembeni, utazame ule muziki wenyewe ulivyotengenezwa, maana umetengenezwa na watu wenye akili.

Kwanza, mapigo yake ni hatua. Hakuna wa kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4, kwa sababu wimbo unazaliwa miguuni. Kundi likienda polepole, wimbo unapungua. Likiteremka mlima, wimbo unakwenda nalo. Hakuna simu duniani inayojua kwamba mbele kuna kilima.

Pili, huwezi kuimba ukiwa umezidisha kasi. Makocha wana kipimo cha bei rahisi cha mwendo mwepesi: kama unaweza kuongea sentensi nzima, uko salama; kama unatoa neno mojamoja, punguza. Mchakamchaka una kipimo hicho ndani yake. Mwanzishaji anaita, anapumua wakati kundi linaitika. Kundi linaitika, linapumua wakati anaita. Ukishindwa kuitika, mwili umeshakwambia. Na mbio nyingi za mtu anayejenga mwili zinatakiwa kuwa za mwendo huo mwepesi. Sisi tunaokimbia mara tatu kwa wiki kila siku tunakimbia kama tunagombea kombe, halafu tunashangaa magoti.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya niandike: kiitikio kinahesabu watu. Mtu akibaki nyuma, sauti inapungua. Kiongozi mzuri anasikia pengo kabla hajageuka. Nakumbuka JKT, kuruta mmoja alidondoka nyuma kabisa gizani, na afande aliyekuwa mbele alisimamisha kundi. Hakuona kitu. Alisikia kombania inaitika nyembamba. Nililikumbuka hilo nikiwa nimekaa kwenye benchi la hospitali, mdogo wangu ndani. Kama tungekuwa tunaimba, sisi wawili tu, mimi naita yeye anaitika, ningejua kwenye hatua ya tano kwamba hayupo.

Nyumbani kwetu jambo hili halihitaji kufundishwa. Kaa karibu na Wamaasai wakiimba utaona. Kwa kiasi kikubwa hakuna ngoma, hakuna gitaa. Kuna olaranyani, yule anayeanzisha, na kuna wengine wanaoshika chini kwa sauti za kifuani, pumzi inaingia na kutoka kwa zamu, miili inapanda na kushuka. Muziki mzima umejengwa kwa pumzi za watu waliosimama karibu. Na yule mzee aliyepiga mluzi, ng'ombe wake walikuwa na kengele shingoni. Nilimuuliza siku nyingine nilipokwenda kumshukuru, kwa nini kengele. Akanitazama kama anayemtazama mtoto aliyeuliza kwa nini maji yanalowesha. Akasema, kengele ikinyamaza, ng'ombe amepotea. Basi. Huyo ndiye aliyemsikia mdogo wangu, mimi wa chuo kikuu sikumsikia.

Hoja za upande wa pili zipo, na nimezisikia kwa wenzangu humuhumu.

Ya kwanza nilipewa na dada mmoja wa mwaka wa tatu, na iliniaibisha. Alisema, "Wewe unavaa hedifoni kwa ajili ya muziki. Mimi navaa ili nisisikie mnayosema." Alieleza anavyokimbia jioni kuzunguka chuo na maneno anayotupiwa kutoka vibarazani, kutoka kwenye bodaboda, na wakati mwingine kutoka kwa wanafunzi wenzake. Kwake hedifoni ni ukuta. Sina haki ya kumwambia auvunje. Ninachoweza kusema ni viwili. Kimoja ni chetu wanaume: tufunge midomo. Cha pili, hata yeye alikubali kwamba anapoogopa zaidi, gizani, huzima wimbo na kuacha hedifoni masikioni, ili wadhani hasikii huku anasikia kila kitu. Yaani mwenye hatari kubwa kuliko sisi wote ameshalijibu swali langu. Anahitaji sikio. Na anahitaji kundi, ambalo ndilo jogingi ya Jumamosi ingeweza kumpa, kama kundi lingekuwa linasikilizana badala ya kusikiliza spika.

Ya pili: mchakamchaka una harufu ya kulazimishwa, na nyimbo zake nyingi ni za kusifu wakubwa au za matusi. Kweli. Lakini wimbo wa mchakamchaka ni chombo kitupu, unatia unachotaka. Tumeshindwa kutunga wa bumu lililochelewa? Wa mtihani wa marudio? Wa wali maharage wa kantini? Chuo kizima kimejaa watu wanaojiita wasanii kwenye mitandao. Vikundi vya jogingi vya Dar es Salaam vinakimbia Jumamosi na Jumapili barabarani vikiimba, wazee, mama wa nyumbani, mafundi, vijana, na hakuna mwalimu wa zamu nyuma yao. Wanaimba kwa sababu wanapenda.

Ya tatu: kuna siku mtu anataka kuwa peke yake. Amefeli, ameachwa, amepokea simu mbaya kutoka nyumbani, anataka kukimbia na wimbo wake na kulia kidogo bila kuonwa. Hii naikubali bila kupinga. Siku hiyo chagua wimbo wako, weka sikio moja, la upande wa magari acha wazi, sauti iwe chini kiasi kwamba unasikia miguu yako mwenyewe. Ukiwa husikii miguu yako, umezidisha. Shirika la Afya Duniani linashauri sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki, na sisi tunaoingia mihadharani na hedifoni na kulala nazo hatuna akiba kubwa ya kupoteza barabarani.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa Waziri wa Michezo na wana jogingi wote ni hili. Hela ya spika iwekeni kwenye maji na sanduku la huduma ya kwanza. Ndani ya sanduku iwemo dawa ya kupuliza ya pumu, na mtu wa afya aliyejua kuitumia awe miongoni mwetu. Wanafunzi wa udaktari na uuguzi wanakimbia pia. Jumamosi ya kwanza tuchague waanzishaji wanne, wawili wa kike na wawili wa kiume, wapokezane kila kilomita. Mwanzishaji asiwe yule mwenye kasi kuliko wote. Awe mwenye sikio. Mwenye pumzi fupi kuliko wote ndiye apange mwendo, na ambaye hawezi kuitika asione aibu kusema. Anayetaka kupiga singeli apige tukimaliza, uwanjani, tunyooshe viungo na kucheza. Hapo nitakuwa wa kwanza katikati.

Mdogo wangu anaendelea. Nilipokuwa bado nyumbani, wiki moja baada ya siku ile, tulitoka tena. Daktari alimwambia anaweza, ila apulize dawa kabla, ajifunge kitambaa mdomoni baridi ikizidi, na asikimbie peke yake. Simu niliiacha nyumbani makusudi. Tulishuka kuelekea upande wa barabara ya Sale, yeye mbele safari hii, mimi nyuma. Nikaanza chenja moja ya JKT, ya kijinga sana, siwezi kuiandika hapa mhariri akaipitisha. Akacheka, akakosea kuitika, nikarudia. Mara ya tatu akaishika. Tukaenda hivyo kama kilomita tatu, naita, anaitika, na vumbi, na punda wa watu wanatushangaa.

Karibu na mwisho kulikuwa na mlima. Sauti yake ikaanza kukatika. Silabi ya mwisho ikawa haifiki. Nikapunguza kabla hajaniomba.